Wanashimo, Timu Isiyotulia

Kabla hujavaa kiatu cha mpira, ingiza mkono ndani. Nawaambia nyie vijana wa Shanwe na Makanyagio, hapa Mpanda, mnaonunua viatu vya plastiki vyenye rangi za kasuku na kuvivaa hapohapo dukani. Ingiza mkono, papasa soli yote hadi kwenye vidole, ndipo uvae. Siku hizi hamtakuta kitu. Sisi tulikuta misumari.

Njumu za miaka ya sabini zilikuwa vipande vya ngozi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kupigiliwa chini ya soli. Mchezaji akikimbia kwenye ardhi yetu hii wakati wa kiangazi, ngozi inalika na msumari unapanda juu kumtafuta mwenye mguu. Beki wetu Patrisi, Mfipa mmoja mpana kama mlango, aliwahi kumaliza kipindi kizima akirukaruka kwa mguu mmoja. Watu wakadhani ni mbwembwe, wakamshangilia. Alipovua kiatu wakati wa mapumziko soksi ilikuwa imelowa damu, na mimi nilitukanwa kwa Kifipa kuanzia bibi yangu mpaka wajukuu ambao sikuwa nao bado.

Jina langu ni Filbert, lakini kwenye timu niliitwa Fundi, basi. Nilitunza viatu, mipira na jezi za Wanashimo. Mkiwauliza wazee wenu kuhusu Wanashimo watacheka kwanza, halafu watatikisa kichwa. Ilikuwa timu ya namna hiyo.

Ilizaliwa na mgodi wa risasi. Nasema risasi ya kuchimbwa, siyo ya bunduki, maana kila tulipoutaja ugenini watu walidhani sisi ni wanajeshi. Mgodi ulipokuwa unafanya kazi walikuja watu kutoka kila upande, Wanyasa, Warundi, Waha, Wanyamwezi, na Jumapili walicheza mpira. Mgodi ulipofungwa wengi wakapanda treni wakarudi kwao. Timu ikabaki na jina na goli moja. Goli la pili liling'olewa na mtu mmoja akalijengea banda la mbuzi, na tulipokwenda kudai miti yetu akatuuliza, "Mbuzi wangu walale wapi?" Tukarudi bila miti.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Banda, Mnyasa aliyekuwa akishona mabuti ya wachimbaji. Mgodi ulifungwa yeye akabaki, kwa sababu alikuwa ameoa Mkonongo, mwenyeji wa hapa, na mama huyo alikataa katakata kupanda treni. Mzee Banda hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akinitazama nikikosea, anasubiri nimalize kukosea, halafu anasema.

"Iwe," aliniambia siku ya kwanza, yaani wewe kwa Kinyasa, "huu mpira ni ngozi ya ng'ombe aliyekufa. Usipoulisha mafuta, anakufa mara ya pili."

Sikumwelewa. Masika ile mipira ilinyeshewa mazoezini, nami nikaona njia rahisi ni kuianika jikoni, karibu na moto. Asubuhi ilikuwa imekauka vizuri, migumu kama maboga. Jumapili kapteni wetu Salumu akaruka kupiga mpira kwa kichwa. Ukapasuka. Salumu akaanguka chali, mpira ukamlalia usoni kama chapati, na mwamuzi akapuliza filimbi bila kujua amwadhibu nani. Mzee Banda alikuwa amekaa pembeni. Alinijia taratibu akasema, "Umemwona ng'ombe?" Tangu siku hiyo nilikausha mipira kivulini, nikaipaka samli kila Ijumaa, na kila mshono niliupitisha kwenye nta kabla ya kuukaza. Mkipata mpira wa ngozi, fanyeni hivyo. Hata kama hamtaupata, mjue tu.

Lakini kilichotukosesha raha miaka ile hakikuwa mipira. Kilikuwa treni.

Siku hizo hakukuwa na mtu aliyeitwa mchezaji wa kulipwa. Ulipewa kazi. Kampuni au shirika la mji mkubwa likiona kijana ana miguu, linamwita, linamwandika mlinzi au karani, naye hajui ghala liko wapi wala kalamu inashikwaje. Mlinzi kweli, lakini wa goli. Hivyo ndivyo Tabora walivyotuchukulia watu. Unamwona kijana Jumamosi mazoezini, anacheka, anakuomba umkazie kamba za kiatu. Wiki inayofuata unasikia yuko Tabora, na kiatu cha timu amekwenda nacho.

Ndiyo maana siku za treni sikukaa kwenye kibanda changu cha kushonea viatu. Nilikuwa nafunga kazi, nakwenda stesheni, nazunguka kwenye mabehewa kama mtu anayetafuta mgeni. Nikimwona mchezaji wetu na begi moyo unapasuka. Mara nyingine alikuwa amebeba tu mzigo wa shangazi yake. Mara nyingine hakukuwa na shangazi. Na niwaambie jambo ambalo sikuwaambia wakati ule: baada ya kuwatazama wao, nilikuwa naitazama ile reli inavyopotea porini, nami miguu inaniwasha. Nilitaka timu ibaki, lakini mimi mwenyewe nilitamani kwenda.

Halafu mkoa wenyewe ukahama. Mpanda tulikuwa chini ya Tabora. Kwenda kucheza mechi za mkoa tulipanda treni, tunalala, tunaamka Tabora. Serikali ikaunda mkoa wa Rukwa, tukaambiwa sasa wakubwa wetu wako Sumbawanga. Mzee Banda alifikiri sana juu ya jambo hilo. "Hatujasogea hata nyumba moja," akasema, "na tumehama."

Kwenda Sumbawanga hakuna reli. Tulipewa lori la tumbaku, na tumbaku hata ikishushwa harufu inabaki. Timu nzima ilikuwa inapiga chafya kutoka hapa hadi Sitalike. Ukimaliza chafya unaanza mbung'o. Mbung'o wa pale Katavi anavuruga hesabu zote. Anakuuma juu ya shati, juu ya koti, na ukimpiga anakutazama. Dereva wetu, Sudi, alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili ni wa kujipiga makofi.

Katika hali hiyo ya kuhangaika ndipo tulipompata Emanueli.

Warundi waliokimbia mauaji kwao walikuwa wamewekwa Katumba, wakapewa mashamba, wakaanza kulima. Kocha wetu alikuwa Mwalimu Kitwala, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Akasikia Katumba kuna timu, akatupeleka tukacheze mechi ya kirafiki. Sisi tulikwenda na viatu nilivyong'arisha mpaka vikawaka. Wenzetu walikuwa pekupeku. Tukafungwa. Na aliyetufunga alikuwa kijana mmoja mrefu, mkimya, ambaye mabeki wetu walipata nafasi ya kumtazama vizuri mechi ilipokwisha.

Mwalimu Kitwala hakula chakula tulichoandaliwa. Alimfuata.

"Kijana, utakuja kuchezea Wanashimo?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hutaki?"

"Nataka. Kutoka hapa ni lazima nipate kibali."

Basi Mwalimu akawa anapanda baiskeli kwenda Katumba kuomba kibali kila tunapokuwa na mechi. Ofisa wa pale mwanzoni alikataa. Mwalimu akarudi. Akakataa tena. Mwalimu akarudi tena, kwa sauti ile ile. Nadhani yule ofisa alikubali ili apate kimya.

Emanueli nilimpa viatu vyake vya kwanza. Alivishika, akaingiza mkono ndani bila kuambiwa. Nikampenda hapohapo. Uwanjani alikuwa hakai mahali. Anaanza kulia, ukigeuka yuko kushoto, ukipepesa jicho yuko nyuma anamsaidia Patrisi. Siku moja nikamuuliza kwa nini hatulii hata mpira ukiwa mbali.

"Fundi," akasema, "mimi nilitoka kwetu nikikimbia. Miguu bado haijaambiwa kwamba tumefika."

Alisema huku akifungua kamba, wala hakuniangalia. 

Kwa Emanueli mbele na Salumu katikati, Wanashimo iliamka. Salumu alikuwa fundi wa mabehewa pale stesheni, Mmanyema mfupi mwenye kifua, mcheshi, na akikasirika alikuwa anaongea polepole. Tukaanza kushinda. Watu wa Makanyagio waliokuwa wanatuita Wana-wa-Banda-la-Mbuzi wakaanza kutusalimia kwa jina letu. Yule mwenye mbuzi alirudisha miti ya goli mwenyewe, ameipaka na chokaa. Na mwaka huo tukafika fainali ya kombe la mkoa, kucheza na wenyeji, hukohuko Sumbawanga.

Kibali cha Emanueli kilisema atoke Jumamosi, arudi Katumba Jumatatu kabla ya jua kuzama. Akichelewa, hakuna kibali kingine. Ofisa alimtazama Mwalimu usoni alipolisema hilo.

Tulifika Sumbawanga jioni. Nyie mnaokwenda leo kwa basi hamjui baridi ile inavyompokea mtu wa Mpanda aliye juu ya lori. Patrisi, ambaye ndiko kwao, alikuwa anatucheka. Sisi wengine tulivaa jezi juu ya mashati na gunia juu ya jezi. Asubuhi kukawa na manyunyu. Nikaenda kuutazama uwanja, nikaukanyaga, nikaona kisigino kinazama. Nikajua njumu zetu fupi za kiangazi zitatutupa chini. Nilikuwa nimechuchumaa namwaza Mzee Banda angefanyaje, niliposikia sauti ya Mwalimu Kitwala imepanda kuliko kawaida yake.

Msimamizi wa mashindano alikuwa amesimama na mwavuli mbele ya timu yetu.

"Huyu hachezi," alisema, akimwonyesha Emanueli. "Kombe hili ni la wananchi wa mkoa huu. Huyu ni mkimbizi."

"Anaishi mkoa huu!" Mwalimu akasema. "Analima mkoa huu! Mechi zote amecheza, hamkusema!"

"Kuishi ni kuishi tu. Mkimchezesha, mkishinda tunaufuta ushindi wenu. Chagueni wenyewe."

Akaondoka na mwavuli wake. Tukabaki kwenye manyunyu.

Wa kwanza kusema alikuwa Patrisi. "Mimi nasema tucheze bila yeye. Jamani, tuseme ukweli. Tumekula vumbi, tumeliwa na mbung'o, halafu turudi mikono mitupu kwa ajili ya mtu mmoja? Ndugu zangu wamekuja kunitazama, wako pale."

Salumu akaanza kuongea polepole, nami nikajua mambo yameharibika. "Sudi," alimwita dereva, "washa lori. Tunarudi nyumbani."

"Kapteni, usilete hasira zako," Patrisi akasema.

"Sina hasira. Nimetoka naye, nitarudi naye. Kama hachezi, Salumu hachezi."

Wengine wakagawanyika. Golikipa akaanza kuvua glovu, mwingine akamvuta mkono avae. Mtu akamwita mwenzake mnafiki. Mwalimu Kitwala, mtu wa sauti, alikuwa ameshika kichwa. Timu ile niliyoihangaikia kila siku ya treni ilikuwa inavunjika mbele ya macho yangu, na hapakuwa hata na treni.

Emanueli akasogea katikati. "Kapteni, naomba kusema."

Wakamgeukia.

"Mimi nimeshaona watu wakigombana juu ya nani wa hapa na nani si wa hapa. Nimeona ilivyoisha. Msigombane kwa ajili yangu, naomba sana. Nyie chezeni mpira. Mimi nitakaa na Fundi."

Akavua jezi, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akampa mchezaji wa akiba. Akabaki kifua wazi na baridi ile. Nikamvika koti langu. Salumu alimtazama muda mrefu, halafu akainama kufunga kamba za viatu, na tukajua atacheza.

Kazi yangu ikaanza. Nilikuwa na ngozi kidogo kwenye sanduku, nikaanza kukata njumu ndefu. Emanueli akapiga magoti pale kwenye nyasi mbichi, akawa anashikilia kiatu mimi napigilia. Hatukumaliza vyote kabla ya filimbi. Vingine tulivifanya mapumziko, wachezaji wamekaa wamenyoosha miguu kama wagonjwa, sisi tunatambaa kutoka mguu hadi mguu. Alipofika kwa Patrisi, Emanueli aliingiza mkono ndani ya kiatu akapapasa kuona kama msumari haujatokeza. Patrisi akaangalia pembeni.

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila kufungana, lakini tulikuwa tumebanwa golini kwetu kama nguo kwenye sanduku. Emanueli alikuwa ameona kitu. "Kapteni, golikipa wao anasogea sana mbele. Upige juu yake." Salumu akajaribu. Mpira ukapita juu ya golikipa, juu ya goli, juu ya watazamaji, ukaangukia kwenye bustani ya kabichi ya mtu. Salumu akamtazama Emanueli. Emanueli akatazama mawingu.

Mimi sikuweza kukaa. Sijawahi kuweza. Mechi zote za maisha yangu nimetembea kando ya mstari, nikigeuka huku na huku, mpaka njia yangu ilikuwa inaonekana kwenye nyasi. Emanueli akanishika suruali. "Fundi, kaa. Unanitia kizunguzungu." Nikakaa. Nikasimama.

Bao lenyewe lilikuja kwa kona. Salumu aliupiga, golikipa akautokea, mikono yake ikateleza kwenye ule ulowevu, mpira ukamdondokea Patrisi gotini. Nasema ukamdondokea, maana Patrisi alikuwa ametazama upande mwingine kabisa, anamlalamikia mwamuzi kwamba amevutwa. Mpira ukagonga goti lake ukaingia taratibu, kama mtu anayekwenda kwake.  Patrisi alikuwa wa mwisho kujua. Alitushangaa tunavyomkimbilia, akarudi nyuma hatua kadhaa akidhani tunakwenda kumpiga.

Tukalishika bao hilo mpaka mwisho. Sikumbuki vizuri dakika zile. Nakumbuka Emanueli amesimama na yeye, na wote wawili tunatembea kando ya mstari, yeye anakwenda huku mimi narudi, tunapishana katikati.

Salumu alipokea kombe, akampa Patrisi kwa kuwa ndiye aliyefunga. Patrisi hakwenda kwa ndugu zake waliokuwa wanamwita. Alikuja upande wetu, akasimama mbele ya Emanueli na ule mwili wake, akamtia kombe mikononi.

"Nishikie," akasema. "Mikono yangu ina matope."

Hakulichukua tena.

Jumatatu tuliondoka alfajiri. Kila mtu alikuwa analitazama jua, hata waliosinzia walikuwa wanafumbua jicho moja, wanalitazama, wanalifumba. Gurudumu likapasuka kabla ya kijiji cha Kizi. Tukashuka, tukaziba, tukapanda. Likapasuka jingine, na safari hii tukalijaza majani, mkisikia watu wanasema hilo ni uongo waambieni waje kwangu. Mbung'o walituuma na hakuna aliyejipiga. Emanueli alikuwa amekaa kwenye kona ya lori amepakata kombe, na hakusema lolote kuhusu muda. Sisi ndio tulikuwa tunamgombeza Sudi.

Tulipokaribia Mpanda tukasikia ngoma. Mji mzima ulikuwa barabarani. Watoto wa shule wamepangwa mistari, viti vimewekwa, viongozi wamevaa vizuri wanasubiri kulipokea kombe na kutoa hotuba. Nilimwona Mzee Banda amevaa tai. Sudi akaanza kupunguza mwendo.

Salumu akagonga paa la lori kwa ngumi. "Pitiliza!"

"Kuna wakubwa pale!" Sudi akapiga kelele.

"Wakubwa watatusubiri. Jua halitusubiri. Pitiliza!"

Mwalimu Kitwala akafungua mdomo, akatazama wakubwa, akatazama jua, akafunga mdomo. Lori likapita. Tulipunga mikono kama wehu. Watoto waliimba nusu ya wimbo wakaishia hapo. Nikageuka nyuma nikaona watu wanakimbilia baiskeli zao, na muda si mrefu barabara ya Katumba ilikuwa imejaa baiskeli, zinatufuata kwenye vumbi letu, wengine wamebebana, na Mzee Banda yumo, kwenye keria ya nyuma, amekamatia tai yake.

Ofisa alikuwa amesimama nje ya ofisi yake pale Katumba. Jua lilikuwa limekaa juu ya miti. Alilitazama, akatutazama, akasema tu, "Haya."

Tukampeleka Emanueli mpaka kwao. Mama yake alikuwa hajui Kiswahili sana. Alitoka ndani akauona ule umati wa watu wenye vumbi, akashtuka, mpaka alipomwona mwanawe. Alilishika lile kombe akaligeuza, akauliza kitu kwa Kirundi.

"Anauliza nimefunga mangapi," Emanueli akatuambia. Akamjibu. Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akauliza tena.

"Anasema, kama sikucheza, mbona mmelileta kombe huku?"

 Patrisi ndiye aliyejibu.

"Mwambie mama, tulikuwa tunakuleta wewe. Kombe limepanda tu lori hilohilo."

Alipotafsiriwa, yule mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha togwa ya mtama, akalijaza kombe, akaanza kumnywesha Patrisi. Tukanywa wote, na wale wa baiskeli wakanywa, na hotuba zikasikika kesho yake kwa watu wachache.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo Wanashimo ilitawala nchi. Tulikwenda hatua iliyofuata, kwenye mji mkubwa, tukafungwa vibaya, na waliotufunga wakawatazama vizuri wachezaji wetu. Treni ikaanza tena kutuchukulia watu. Golikipa akaenda. Washambuliaji wa pembeni wakaenda, wote wawili, kwa siku moja. Vita vya Uganda vilipokuja Patrisi akaenda jeshini. Alirudi salama, lakini goti lile halikurudi zima. Mwalimu Kitwala akahamishwa shule. Mwishowe Salumu akapata barua ya Tabora, kazi kwenye shirika, na timu nzuri.

Alikuja kibandani kwangu. "Wanahitaji mtu wa viatu, Fundi. Nimekutaja. Twende."

Sikumwambia nitafikiria. Nilikuwa nimefikiri miaka yote ile pale stesheni. Mke wangu, Anastazia, alikuwa kwao Karema kujifungua. Nikampelekea habari kwamba atanifuata. Nikauza kitanda. Nikaenda kumuaga Mzee Banda, akanipa sindano yake nzuri, akasema, "Iwe, nenda. Miguu yako naijua." Nikapanda treni na begi la nguo na sanduku langu la kazi. Mpanda ikarudi nyuma. Niwaambie kweli, nilikuwa na furaha hata nilikuwa nauma meno.

Treni ikasimama Katumba kupakia mahindi na maharage. Nikachungulia dirishani. Emanueli alikuwa pale, anabeba magunia pamoja na vijana wenzake wa timu ya kule. Aliponiona uso wake ukafunguka wote. Akatupa gunia chini, akaja mbio, na kabla sijasema neno akanyoosha mikono dirishani akalivuta sanduku langu likatoka nje.

"Fundi amekuja!" akawaita wenzake. "Si niliwaambia atakuja!"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimewaahidi zamani kwamba nitakwenda Katumba niwafundishe kushona mipira, na sikuwa nimekwenda. Nikashuka ili nimweleze. Nilisimama pale chini, vijana wamenizunguka, mmoja ameshalifungua sanduku anashangaa sindano ya Mzee Banda, na maneno niliyoyapanga yakawa hayatoki. Honi ikalia.

"Fundi, panda!" Salumu aliita kutoka dirishani.

Treni ikaanza kuvuta. Ningeweza kuidandia, ilikuwa inakwenda polepole. Salumu alinitazama, akatazama sanduku lilivyozungukwa, akaingia ndani, akatokea tena na begi langu akalirusha. Likaangukia kwenye mahindi.

"Haya, chukua na nguo zako!" alipiga kelele. Alikuwa anacheka, au labda hakuwa anacheka. Treni ilikuwa imeshafika mbali.

Emanueli akalitazama behewa la mwisho. "Kumbe Kapteni anakwenda wapi?"

"Tabora."

"Na wewe?"

Nikaokota begi, nikalipangusa. Nyumbani sina kitanda, mke yuko njiani anakuja na mtoto.

"Leteni hiyo mipira," nikasema.

Ilikuwa miwili, na yote imepasuka.